Hiroshima: chakula cha saa sita, sanduku la Shigeru na mawe yaliyotoka Likasi

Mama mpishi alifunga kitambaa kichwani na alifanya kazi bila kutuangalia. Mbele yake kulikuwa bamba la chuma, pana kama meza ya watu sita, na sisi wateja tulikaa upande wa pili wa bamba hilo hilo, juu ya viti virefu, moto ukitupiga usoni. Ilikuwa saa sita na nusu mchana, mjini Hiroshima, magharibi mwa Japani. Tulikuwa Wakongomani wawili. Mimi ni mtu wa Bukavu, nilifika kule kwa mafunzo ya wiki mbili. Mwenzangu ni kijana wa Likasi, mwanafunzi, anaishi Japani tangu miaka mitatu na anasema lugha yao vizuri.

Yeye ndiye aliyeomba tule kwanza.

"Yaya, kule muze ukiingia na njaa utaanguka," aliniambia. "Na ukisha kutoka, hautakula tena."

Chakula chenyewe kinaitwa okonomiyaki. Kila mji wa Japani una namna yake, lakini watu wa Hiroshima wanasema yao ndiyo yenyewe, na ukibisha utakaa pale hadi usiku. Mama alimwaga uji wa unga wa ngano juu ya bamba, akauzungusha kwa mgongo wa upawa mpaka ukawa mwembamba kama karatasi. Juu yake akarundika shu iliyokatwakatwa, rundo kubwa hata nikafikiri amekosea hesabu. Akaongeza chipukizi za maharage, kisha vipande vyembamba vya nyama ya nguruwe. Akageuza vyote kwa mara moja, na hakuna kilichoanguka. Pembeni akakaanga tambi, akazilaza chini ya lile rundo. Akapasua yai, akalitandaza, akaweka mlima wote juu yake. Wakati huo ile shu nyingi ilikuwa imelala, imebaki ya kimo cha vidole vitatu. Mwisho akapaka sosi nyeusi, nzito, yenye utamu na uchachu pamoja.

Hakutupa sahani. Unakula palepale juu ya chuma, ukikata kwa kijiko bapa cha chuma, kwa hiyo chakula kinabaki moto mpaka tonge la mwisho. Nilijiunguza ulimi mara mbili. Kabla ya kuanza, mwenzangu aliunganisha mikono na kusema "itadakimasu", neno ambalo Wajapani wote wanasema mbele ya chakula, namna ya kupokea kwa unyenyekevu na kushukuru. Nililipa yeni 1,100, karibu dola 7. Kwa mji wa Japani hiyo si bei kali.

Chakula hiki si cha wakubwa. Kabla ya vita, kilikuwa kitu cha kutuliza watoto: unga kidogo juu ya chuma, majani ya vitunguu, sosi, kwa pesa moja ndogo. Kisha mji uliungua. Baada ya Agosti 1945 watu hawakuwa na mchele, lakini unga wa ngano ulikuja na msaada wa Marekani, shu ilipatikana kwa bei ndogo, na vipande vya chuma havikukosa katika mji uliobomoka. Wenyeji wanasimulia kwamba wajane wengi walifungua kibanda mbele ya nyumba, ili watoto wale na wasome. Hata leo migahawa mingi ya okonomiyaki Hiroshima ina majina ya kike, kama vile kwetu unavyosema "twende kwa Mama Fulani". Kampuni ya mji huo, Otafuku, ilianza kuuza sosi yake ya okonomiyaki mwaka 1952, na leo inajulikana nchi nzima.

Nilipokuwa nasikia habari hizo niliona malewa zetu. Anayekumbuka Goma ya Januari 2002 anajua: mawe ya volkeno hayajapoa vizuri, na tayari akina mama wako juu yake na mbabula, wanauza chai na mandazi.

Mama mpishi alituuliza kitu, akicheka. Mwenzangu akatafsiri: anataka kujua tunatokea wapi.

"Kongo," alijibu yeye. Mama akasema ni mbali sana, akauliza kama kwetu kuna joto kama huku, na tunakula nini. Akaelezewa bugali na sombe. Alipenda kusikia kwamba na sisi tunakula majani mengi.

Kisha kijana akanigeukia, akashusha sauti, ingawa hakuna mtu mle ndani aliyesikia Kiswahili.

"Yaya, nimwambie?"

"Umwambie nini?"

"Ya Shinkolobwe."

Hakumwambia. Mama alikuwa amekwisha kuanza unga wa wateja wengine.

Mawe ya Katanga

Kwa msomaji ambaye hajasikia jina hilo: Shinkolobwe ni mgodi ulio karibu kilometa 20 kutoka Likasi, katika jimbo la leo la Haut-Katanga. Uraniumu yake iligunduliwa mwaka 1915. Mwanzoni Wabelgiji wa Union Minière du Haut-Katanga hawakuwa na haja na uraniumu hiyo. Walitafuta radiumu, iliyouzwa bei ya ajabu kwa hospitali na maabara za Ulaya. Mawe yalisafirishwa hadi Olen, Ubelgiji, na huko radiumu ikatolewa. Uraniumu ilibaki kama makapi.

Mwisho wa mwaka 1938 wanasayansi wa Ujerumani waligundua kwamba kiini cha uraniumu kinaweza kupasuka na kutoa nguvu nyingi. Makapi yakawa mali. Edgar Sengier, kiongozi wa Union Minière, alionywa mapema. Mwaka 1940 alituma zaidi ya tani 1,000 za mawe ya Shinkolobwe hadi New York, yakawekwa ghalani kwenye kisiwa cha Staten Island, yakakaa pale karibu miaka miwili. Septemba 1942, afisa wa jeshi la Marekani, Kenneth Nichols, aliingia katika ofisi yake kuuliza kama anaweza kupata uraniumu. Mazungumzo hayakuchukua muda mrefu. Wamarekani walichukua shehena yote ya ghala, pamoja na tani 3,000 hivi zilizokuwa zimebaki juu ya ardhi kule Katanga.

Hata hizo hazikutosha. Mgodi ulikuwa umefungwa na kujaa maji. Ukakaushwa, ukafunguliwa tena. Mawe yalipanda treni hadi Port-Francqui, ambayo leo tunaita Ilebo, yakashuka na mashua kwenye mto Kasai hadi Léopoldville, yakachukua treni nyingine hadi bandari ya Matadi, yakavuka bahari.

Kwa nini kwenda mbali hivyo? Kwa sababu ya utajiri wa mawe yenyewe. Katika migodi mingine ya wakati ule, mawe yenye uraniumu isiyofika asilimia 1 yalihesabiwa kuwa mazuri. Mawe ya Shinkolobwe yalifika asilimia 65. Sehemu kubwa ya uraniumu iliyotumiwa na Wamarekani katika kutengeneza mabomu yao ya kwanza ilitoka pale. Bomu la Hiroshima lilibeba uraniumu kilo 64 hivi, ni kusema mifuko miwili na nusu ya unga, ile ya kilo 25. Katika kilo hizo, isiyofika hata kilo 1 ndiyo iliyopasuka.

Mwaka 1946 Sengier alipewa medali na serikali ya Marekani. Wale waliochimba na kuchambua mawe kwa mikono, Wakongomani, hawakupewa kitu cha namna hiyo, na wengi wao hawakujua mawe yanakwenda wapi wala yanafanya nini katika mwili wa mtu. Ilikuwa siri ya vita, hata jina la Shinkolobwe lilifichwa.

Babu wa mwenzangu alitumika mle mgodini. Familia inajua hivyo tu. Alikufa baba wa kijana huyu akiwa bado mdogo, na hakuna aliyeandika ni ugonjwa gani. Hakuna picha yake. Kilichobaki ni habari za mposho, ile chakula ya wafanyakazi iliyogawiwa kwa kipimo: unga, samaki mkavu, mafuta. Bibi alikuwa anasimulia namna alivyosimama kwenye mstari na mfuko wake.

Kitabu kisicho na majina

Kutoka mgahawani tulitembea kwa miguu. Hiroshima ina tramu, na wenyeji wanajivunia kwamba zilianza tena kutembea tarehe 9 Agosti 1945, siku tatu baada ya bomu, kwenye kipande kidogo cha njia. Mji ni wa mito mingi. Unavuka daraja, unavuka lingine, na ghafla unaona ile nyumba.

Ni nyumba ya matofali yenye kuba ya vyuma vitupu. Ilichorwa na Mcheki, Jan Letzel, ikamalizika mwaka 1915, mwaka uleule uraniumu ya Shinkolobwe ilipogunduliwa. Wakati huo hakuna mtu angeweza kuona uhusiano. Tarehe 6 Agosti 1945, saa mbili na robo asubuhi, bomu lilipasuka mita 600 hivi juu, karibu kabisa na paa lake. Kuta zikabaki kwa sababu pigo lilitoka juu wima. Wote waliokuwa ndani walikufa. Wakaaji walibishana miaka mingi kama ibomolewe au ibaki. Mwaka 1996 UNESCO iliiandika katika urithi wa dunia.

Ng'ambo ya mto kuna bustani kubwa. Katikati yake pamesimama upinde wa mawe, na chini ya upinde kuna sanduku la mawe. Watu wanapanga mstari mbele yake, kila mmoja anainama, anaondoka. Nilifikiri ni kaburi. Mwenzangu akanirekebisha: mle hakuna mifupa, kuna vitabu.

Ni vitabu vya majina. Kila tarehe 6 Agosti wanaongeza majina ya waathirika waliokufa au kutambuliwa katika mwaka uliopita, kwa sababu wanaokufa hawakuishia mwaka ule. Mpaka mwisho wa 1945 peke yake, watu karibu 140,000 walikuwa wamekufa. Katika sherehe ya Agosti 2025, majina yalikuwa yamepita 349,000, katika vitabu zaidi ya 120. Na kimoja kati ya vitabu hivyo hakina majina ndani. Kimewekwa kwa ajili ya wale ambao hakuna aliyebaki kuwataja.

Kijana aliyasikiliza maneno yake mwenyewe kama mtu anayesoma barua mara ya pili.

"Huku banahesabu bantu babo moya-moya," alisema. "Na bale basiyojulikana, nabo bana kitabu."

Lakini hata Hiroshima haikuwahesabu wote kwa urahisi. Kulikuwa Wakorea wengi mjini siku ile, wengi waliletwa kwa nguvu kufanya kazi, na maelfu walikufa. Nguzo yao ya ukumbusho ilijengwa mwaka 1970, nje ya bustani. Ilichukua mpaka 1999 kuingizwa ndani. Tulisimama pale kidogo. Kulikuwa maua na chupa za maji, kwa sababu wale waliokufa walikuwa wanaomba maji.

Sanduku la Shigeru

Makumbusho ilifunguliwa mwaka 1955. Ni jengo refu lililoinuliwa juu ya nguzo, lililochorwa na Tange Kenzo. Tiketi ya mtu mzima ni yeni 200, haifiki dola 2, na foleni ni ndefu: katika mwaka mmoja wa karibuni wageni walipita milioni 2. Unapanda, unaingia mahali ambapo kuna picha ya mji iliyomulikwa juu ya meza ya duara. Unaona mitaa, mito, mapaa. Kitu kidogo kinaanguka. Mwanga. Halafu hakuna mitaa.

Baada ya hapo mwanga wa vyumba unapungua, na watu wanaacha kusema. Sikutazamia jambo hilo: umati mkubwa namna ile, watoto wa shule, wazee, wazungu na mifuko yao ya mgongoni, na unasikia viatu tu. Ndani hakuna mambo ya majenerali. Kuna shati. Kuna kiatu kimoja. Kuna ngazi ya jiwe ya benki, ambapo mtu aliketi akingoja mlango ufunguliwe, na kivuli chake kikabaki kwenye jiwe. Kuna kibaskeli cha magurudumu matatu cha mtoto Shinichi, ambaye hakuwa ametimiza miaka minne. Baba yake alimzika uani pamoja na kibaskeli hicho, asikae peke yake. Baada ya miaka 40 alifukua mifupa ili aipeleke kaburini, na kibaskeli akakitoa kwa makumbusho.

Mbele ya kioo kimoja nilielewa kwa nini kijana alitaka tule kwanza.

Ni sanduku la chakula. Wajapani wanaliita bento, sanduku dogo ambalo mama anamfungia mtoto asubuhi. Hili lilikuwa la Shigeru Orimen, mwanafunzi wa miaka 13. Siku ile wanafunzi wengi wa umri wake walipelekwa katikati ya mji kubomoa nyumba, ili moto wa mabomu usienee. Zaidi ya 6,000 kati yao hawakurudi. Mama yake Shigeru alimtafuta siku tatu. Tarehe 9 Agosti alimkuta, na sanduku lilikuwa chini ya mwili wake, kama aliyelishikilia. Ndani mlikuwa mchele uliochanganywa na shayiri na soya, na viazi vilivyokatwa vyembamba na kukaangwa. Kulikuwa njaa ya vita, na kwa siku zile hicho kilikuwa chakula kizuri. Aliondoka nyumbani akikifurahia. Leo ni makaa meusi. Unaona bado umbo la mchele.

Ulimi wangu ulikuwa bado unaniuma kwa ile moto ya mchana.

Watu waliinua simu kupiga picha, wanakubaliwa bila mwanga. Mtu wa Kivu hawezi kuona simu 30 hewani bila kufikiri coltan, na Rubaya, na nani amechimba. Niliipiga picha na mimi.

Kuna pia sauti na maandishi ya walionusurika. Wengi walinyamaza miaka na miaka. Ukisema ulikuwa Hiroshima siku ile, familia nyingine haikubali mtoto wao akuoe, wanaogopa ugonjwa utaingia katika uzazi. Mtu wa Bukavu hana haja ya kufundishwa jambo hilo: ametazama akina mama wa Panzi wakijifunza kusema kwa sauti kilichowapata, wakati jirani anataka wanyamaze. Zawadi ya Nobel ya amani ilikwenda kwa daktari Denis Mukwege, pamoja na Nadia Murad, mwaka 2018. Mwaka 2024 ilikwenda kwa Nihon Hidankyo, chama cha walionusurika mabomu hayo mawili, la Hiroshima na la Nagasaki.

Tulipofika kwenye sehemu inayoeleza namna bomu lilivyotengenezwa, kijana alisimama kwa muda mrefu. Alisoma polepole kwa Kijapani, akarudi mwanzo, akasoma tena. Sikumuuliza anatafuta nini.

Daftari

Kabla ya kutoka, kuna madaftari ambamo mgeni anaandika anachotaka. Niliona Kifaransa, Kikorea, Kispanyola, mchoro wa ndege wa karatasi uliofanywa na mtoto. Ndege hao wako kila mahali kule, kwa ajili ya Sadako Sasaki, msichana aliyekuwa na miaka 2 siku ya bomu na akafa kwa saratani ya damu mwaka 1955 akiwa na 12, akikunja ndege kitandani hospitalini.

Kijana alichukua kalamu. Aliandika kwa Kiswahili, herufi kubwa, kama anayejaza karatasi ya serikali: kwamba anatoka Likasi, katika Kongo, kwamba mawe yalitoka kule, kwamba babu yake alichimba mle, na kwamba jina lake lilikuwa. Hapo kalamu ikasimama.

Alijua jina moja tu, lile la ubatizo.

Tulitoka nje. Ilikuwa saa kumi za alasiri. Kwao Likasi saa tatu asubuhi. Alipiga simu kwa baba yake. Rezo ilikatika, akapiga tena. Nilisikia sauti ya mzee ikisema polepole, kisha kimya, kisha maneno mengine. Baba naye hakuwa na hakika. Alisema ataulizia shangazi mkubwa, yule aliyebaki kijijini, ndiye anayeshika mambo hayo.

Mgodi wenyewe, alinieleza tukiwa tumekaa kwenye ukuta wa mto, ulizibwa karibu na uhuru. Miaka ya mwisho ya 1990 wachimbaji wadogo walirudi wakitafuta kobalti. Serikali iliufunga kwa dekreti Januari 2004, na Julai mwaka huohuo udongo ukaporomoka na kuua watu. Yeye mwenyewe alipita karibu na pale mara moja, akiwa mtoto, juu ya lori. Hakuona jiwe lolote lenye majina. Hata mimi, katika safari zangu zote za Katanga, sijaliona.

Tulipanda tramu ya kurudi stesheni. Ilikuwa imejaa watu waliotoka kazini, na wengine walilala wamesimama. Kwenye kituo cha tatu simu yake ililia. Ulikuwa ujumbe mfupi: majina matatu na jina la kijiji, bila salamu, na chini yake swali la shangazi, kwa nini Wajapani wanataka kumjua.

Aliusoma mara mbili. Akatoa mfukoni ile tiketi ya yeni 200 na kuandika majina nyuma yake, akitumia goti kama meza, tramu ikimtingisha.

"Nitarudi Jumamosi," alisema. "Ile daftari itakuwa bado iko."